Daktari kaandika mtoto apimwe vinasaba, ukweni wamesikia "DNA" tu. Naombeni ushauri

fundi_cherehani_Nkuhungu

Habari zenu ndugu zangu. Niko Dodoma, Nkuhungu, nashona. Naomba mnisome mpaka mwisho kwa sababu jambo langu lina pande mbili, upande wa hospitali na upande wa ukweni, na sijui lipi nilishike kwanza.

Nina mtoto wa kiume, ametimiza miaka mitano juzijuzi. Amevunjika mara sita. Mara ya kwanza alikuwa na miezi kumi na moja, kajishika kwenye mguu wa meza ya cherehani anajifunza kusimama, akakaa kitako kama wanavyokaa watoto wote. Nikasikia kilio ambacho si cha kuanguka. Mama akisikia kilio kile anakijua. Paja. Mara ya pili mkono, binti anayenisaidia kazi alikuwa anamvalisha shati, akauvuta ule mkono kidogo upite. Mara ya tatu mguu tena, na hiyo hatukujua imetokea saa ngapi, tuliona tu hataki kuukanyaga. Nyingine sitazisimulia, zinafanana.

Ile ya tatu ndiyo iliyoniachia kidonda mimi mwenyewe. Hospitali niliyompeleka siitaji. Nesi alifungua daftari la kliniki, akahesabu, akaniuliza mbele ya foleni nzima, "Mama, huyu mnampiga na nini?" Akaitwa afisa ustawi wa jamii. Nikahojiwa peke yangu, mume wangu akahojiwa peke yake, tukakaa kwenye benchi kutwa nzima mtoto akiwa na POP mbichi mapajani kwangu. Ndugu zangu, silaumu kuulizwa. Watoto wanaopigwa wapo, na lazima awepo mtu wa kuuliza. Ninalolaumu ni namna nilivyoulizwa, na kwamba kutwa nzima ile hakuna hata mmoja aliyemtazama mtoto machoni.

Maana weupe wa macho ya mwanangu si mweupe. Una rangi ya samawati kwa mbali, kama maziwa yaliyoongezwa maji. Tangu amezaliwa watu wananisifia, "mtoto ana macho mazuri huyu."

Mwaka huu tukapata rufaa, tukamwona daktari wa mifupa. Yeye hakuanza na mguu. Alimsogeza mtoto dirishani, akamtazama macho, akamwambia atabasamu aone meno, akapanga picha za eksirei za miaka yote kwenye kioo cha taa kwa mpangilio wa tarehe. Ndipo akatuambia: osteojenesisi imperfekta, ugonjwa wa kuzaliwa nao, mifupa inavunjika kirahisi. Nililia, lakini kilio kile kilikuwa na nafuu ndani yake. Akasema pia ingefaa apimwe vinasaba, sampuli inapelekwa nje ya nchi. Bima yangu hailipii. Bei niliyotajiwa inazidi mtaji wangu wote wa vitambaa, pamoja na cherehani yenyewe.

Sasa ukweni. Mume wangu (ni fundi ujenzi, yuko kwenye majengo ya Mtumba) alimpigia mama yake kumweleza, akatumia neno moja tu: DNA. Jioni ile ile wifi yangu akanipigia. "Kwa hiyo hata wewe mwenyewe una shaka na baba wa mtoto?" Nikaishiwa maneno. Mama mkwe akasema kwenye ukoo wao hajawahi kuzaliwa mtoto wa hivi, basi kilichobaki kila mtu akamalizia mwenyewe moyoni.

Na nina ujauzito wa miezi mitano.

Naomba kujua: hicho kipimo kitabadilisha nini kwenye matibabu ya mwanangu? Au pesa nikiipata niitie kwenye zile dripu za kuimarisha mifupa, habari ya vinasaba niiache? Aliyepitia aniambie ukweli.

Mzee_wa_Kibaigwa

Binti yangu, pole sana. Mimi si mtaalamu, lakini nimelea watoto na wajukuu. Mpe supu ya kongoro kila siku, maziwa, dagaa wale wadogo na mifupa yao, na umtoe juani asubuhi. Huku kwetu yupo mzee anayeunga mifupa kwa kamba na vijiti, ameunga wengi na wanatembea. Usikate tamaa.

fundi_cherehani_Nkuhungu

Shikamoo baba. Asante sana. Supu anakunywa, dagaa anakula. Kwa mzee wa kuunga tulikwenda mara moja, mvunjiko wa nne, bibi yake alitaka. Alimkanda kwa mikono kabla ya kufunga, na mtoto alizimia. Sitarudia, baba, nisamehe.

Baba_wa_Manyoni

Dada, ngoja nikueleze yangu, ugonjwa si huo ila njia inafanana.

Binti yangu wa kwanza alipoanza kutembea miguu ikajikunja upinde. Tukaambiwa matege, hapati jua. Jua! Manyoni hii, mwezi wa kumi, mtu akose jua. Tukapewa vitamini D, tukarudi, tukaongezewa, miaka inakwenda, miguu ndiyo kwanza inazidi. Mke wangu akaanza kusemwa kwamba mtoto anafungiwa ndani. Wengine wakasema ni maji, kwa kuwa mkoa wetu wa Singida una visima vyenye floridi nyingi, na kweli meno ya kahawia huku unayaona kwa watu wazima wengi. Kila mtu alikuwa na sababu yake.

Tulipofika Dar, daktari mmoja akaandika kipimo ambacho hakikuwa kimewahi kuandikwa: fosfati kwenye damu, yaani madini yanayojenga mifupa pamoja na kalsiamu. Ikakutwa chini sana. Kalsiamu ilikuwa sawa. Akaniambia nisimame, nikunje suruali. Mimi mwenyewe miguu yangu ni ya upinde na ni mfupi, nimeishi nayo nikijua ndivyo nilivyoumbwa. Akaniuliza, "Watoto wako wa kike wangapi, wa kiume wangapi?" Wa kike wawili, wa kiume wawili. "Wa kiume miguu imenyooka?" Imenyooka. Akachora kwenye karatasi, akanionesha kwamba jeni lenyewe, linaitwa PHEX, limekaa kwenye kromosomu X. Baba akiwa nalo bovu anampa kila binti, na hampi mtoto wa kiume hata mmoja, kwa sababu mtoto wa kiume anachukua Y ya baba. Familia yangu ilikuwa kama mfano wa darasani, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza swali hilo.

Kipimo cha vinasaba kilikuja baadaye kuthibitisha. Kwetu kilibadilisha mambo, maana ugonjwa huu figo zinamwaga fosfati nje, kwa hiyo vitamini D ya kawaida peke yake ni sawa na kujaza ndoo iliyotoboka. Sasa binti anakunywa fosfati mara nne kwa siku pamoja na kalsitrioli, ambayo ni vitamini D iliyo tayari kufanya kazi mwilini. Miguu haijanyooka yote, ila maumivu yamepungua na anakimbia. Nchi zilizoendelea kuna sindano inaitwa burosumab, tangu 2018, bei yake hata sithubutu kuiwaza.

Kwa hiyo kabla hujauza cherehani: uliza kama mtoto amepimwa kalsiamu, fosfati, ALP (kimeng'enya kinachoonesha kazi ya mifupa) na vitamini D. Hivyo ni vipimo vya damu vya kawaida, bei yake unaiweza.

daktari_wa_watoto_Dom

Dada, pole, na pole ya pekee kwa lile benchi. Mimi ni daktari wa watoto hapa hapa Dodoma. Sijamwona mwanao, kwa hiyo haya ni maelezo, maamuzi yabaki kliniki kwako.

Nianze na neno lililowasha moto ukweni. Kipimo ambacho watu wanakijua, kile cha kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kinalinganisha alama kadhaa za mtoto na za mzazi kuona kama zinaoana. Alama zile hazisemi chochote kuhusu mifupa. Ulichoandikiwa wewe ni kusoma jeni zenyewe za mtoto, herufi kwa herufi, kutafuta palipokosewa. Akisomwa mtoto peke yake, karatasi itakayorudi haina neno lolote kuhusu nani ni baba. Wakisomwa na wazazi wote wawili, maabara inaweza kuona kama damu haziendani, na ndiyo maana mnapaswa kuketi na mshauri kwanza na kuweka sahihi mkijua mnachokubali. Mwambie mumeo na mama mkwe hivyo hivyo, bila kuficha.

Sasa mifupa. Mumeo ni fundi ujenzi, msomee hapa. Mfupa ni zege lenye nondo. Zege ni kalsiamu na fosfati. Nondo ni kolajeni. Shikamoo Mzee wa Kibaigwa, dagaa na maziwa yako vinaleta saruji, na mtoto aendelee kula. Ila kwa huyu kilichopungua ni nondo, na hakuna chakula kinachoileta. Nondo hii imesukwa kwa nyuzi tatu, mbili zinaagizwa na jeni COL1A1 lililo kwenye kromosomu ya 17, moja inaagizwa na COL1A2 la kromosomu ya 7. Katika kila uzi, kila kiungo cha tatu lazima kiwe glisini, ambayo ni ndogo kuliko wenzake wote na ndiyo pekee inayotosha pale katikati ya msuko.

Kosa linaweza kuja kwa sura mbili. Huenda nakala moja ya COL1A1 imezimika: nondo zinazotoka ni nzima, ila ni nusu ya zinazotakiwa. Jengo linasimama, lakini linapata nyufa kirahisi. Hiyo ndiyo aina ya kwanza, nyepesi, yenye macho ya samawati. Mtu anavunjika utotoni, akibalehe inapungua, ukubwani masikio yanaanza kufifia. Au huenda glisini mahali fulani imebadilishwa na kitu kikubwa zaidi. Hapo uzi mbovu unasukwa pamoja na nyuzi nzima, na msuko wote unaharibika. Hizo ndizo aina kali, na hapo nusu ya nondo ni heri kuliko nondo zote zilizopinda. Mgawanyo huu wa aina ulipangwa na David Sillence wa Australia mwaka 1979, akitazama wagonjwa na koo zao, kabla jeni hizi hazijasomwa.

Umeuliza kama kipimo kitabadilisha matibabu. Kwa mtoto mwenye dalili wazi kama ulizoeleza, mara nyingi hapana. Pamidronati na asidi ya zoledroniki, zile dripu, zinaanzwa kwa kuangalia idadi ya mivunjiko, maumivu, na uti wa mgongo kwenye picha. Hakuna anayesubiri karatasi ya jeni. Kabla yake mtoto anapimwa vitamini D, kalsiamu na figo, kama Baba wa Manyoni alivyosema. Dripu haiponyi, inaongeza unene wa zege. Kama pesa inatosha jambo moja tu, mimi ningeanza na matibabu na mazoezi ya viungo. Hilo nalisema bila kusita.

Lakini una mimba, na hapo ndipo kipimo kina kazi. Karibu 85 hadi 90 kwa mia ya wenye ugonjwa huu kosa liko kwenye jeni hizo mbili nilizotaja, na nakala moja mbovu inatosha. Kama mmoja wenu wazazi analo, hata kwa wepesi, kila mimba ni nusu kwa nusu. Kama hakuna aliye nalo na kosa limeanza kwa mtoto mwenyewe, uwezekano wa kurudi ni mdogo, asilimia chache, kwa sababu hutokea mzazi akawa na kosa kwenye baadhi ya mayai au mbegu tu bila mwili wake kuonesha. Halafu kuna wachache ambao kosa liko kwenye jeni nyingine, wazazi wote wawili wanabeba nakala moja moja na wako salama kabisa, na hapo kila mimba ni moja kwa nne. Afrika Kusini walipowasoma watoto weusi wenye aina kali walikuta wengi kosa liko kwenye jeni FKBP10, ambalo ni la namna hiyo. Kwa hiyo jina la ugonjwa ni lile lile, lakini jibu la "mwingine atakuwaje" linatofautiana kutoka nusu hadi karibu na sifuri. Kwa kumtazama mtoto peke yake huwezi kujua.

Nikuonye na jambo moja. Karatasi inaweza kurudi imeandikwa kwamba wameona badiliko ambalo maana yake haijulikani. Linatupata sana sisi, kwa sababu hazina za kumbukumbu za jeni ambazo maabara inalinganishia zimejaa watu wa asili ya Ulaya, na herufi ambayo kwetu ni ya kawaida maabara inaweza kuwa haijawahi kuiona. Jibu la namna hiyo si hukumu, na mtu asilitumie kuamua jambo la mimba. Likitokea, wapimwe na ndugu wengine waone kama badiliko linatembea pamoja na ugonjwa.

Na sasa jambo ambalo halina gharama. Kesho mchana, kwenye mwanga wa jua na si wa taa, mtazame mumeo weupe wa macho. Jitazame na wewe kwenye kioo. Muulize amevunjika mara ngapi utotoni. Muulize anasikiaje. Mkipata nafasi, mtazameni na bibi, ila kwa wazee kuna duara la kijivu linalozunguka mboni, lile ni la umri, usilihesabu. Tazama sehemu nyeupe. Kisha chora ukoo, wanaume mraba, wanawake duara, uwapake rangi wote walio na dalili. Nenda na mchoro huo kliniki.

mwalimu_Kondoa

Mdogo wangu, mimi ndiye mwanao akiwa mkubwa. Nina miaka thelathini na minne, nafundisha Kondoa, natembea kwa mkongojo mmoja, sijavunjika kwa miaka tisa sasa. Utotoni nilivunjika mara nyingi kiasi kwamba mama aliacha kuhesabu.

Daktari amekueleza ya ndani, mimi nikwambie ya mikononi. Usimnyanyue kwa makwapa. Usimvute mkono kumvalisha. Ingiza mkono wako wewe kwanza kwenye mkono wa nguo kutokea nje, umshike kiganja, uishushe nguo kumfuata yeye. Kwa mtoto mchanga, ukibadilisha nepi usimwinue kwa vifundo vya miguu, pitisha kiganja chini ya makalio. Wewe ni fundi, mshonee mashati yanayofunguka ubavuni mpaka kwapani. Mama yangu hakujua hayo, na mivunjiko yangu mingi ilitokea wakati wa kuvishwa nguo.

Peleka barua ya daktari shuleni kabla hajaanza, na nyingine iweke kwenye simu yako, picha, yenye jina la ugonjwa na muhuri. Siku utakapofika hospitali ambayo hawakujui, waoneshe hiyo kabla hawajafungua daftari.

Na usijione uko peke yako. Ugonjwa huu hupata kama mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 20,000. Sensa ya 2022 ilituhesabu Watanzania milioni 61.7. Piga hesabu, tunapaswa kuwa watu elfu tatu na zaidi. Mimi katika maisha yangu nimekutana na wanne. Wengine wako wapi? Wako majumbani, wanaitwa vilema, au mama zao wako kwenye lile benchi ulilokaa.

Mimi nilipimwa. Kosa langu ni jipya, wazazi wangu hawana. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mama alikuwa hai, na nilimsomea matokeo kwa simu. Miaka thelathini alikuwa anaamini ni kwa sababu alibeba kuni nzito mimba yangu ikiwa changa. Alinyamaza muda mrefu nikadhani simu imekatika. Kwa sababu hiyo tu mimi sijutii hata shilingi moja niliyoitoa.

fundi_cherehani_Nkuhungu

Ndugu zangu, nimerudi. Zimepita wiki tatu, mnisamehe kwa ukimya, ila mambo yalikuwa mengi na nilitaka nije na habari kamili.

Mume wangu nilimsomea ile habari ya nondo usiku ule ule. Alinisimamisha mara mbili, "rudia hapo pa nyuzi." Kisha akasema, "Nondo nusu. Mimi nisingekubali kusaini jengo hilo." Akalala akiwa ameelekea ukutani.

Jumapili mchana alikuwa amekaa kizingitini anakula, ugali wa uwele na mlenda, uso umeelekea nje na jua linampiga. Nikamwambia nitazame. Akainua macho. Ndugu zangu, nimeolewa na mwanaume huyu miaka minane. Macho yale nimeyatazama kila siku, na sikuwahi kuyaona. Ni yale yale. Maziwa yenye maji. Kwake ni hafifu kuliko kwa mtoto, lakini ukishayajua huwezi kuacha kuyaona. Nikamuuliza habari ya kuvunjika. "Si ndiyo kuchunga ng'ombe," akasema, "kila mtoto anavunjika." Mkono mara mbili, mguu mara moja, mtulinga mara moja. Na masikio, sisi sote tunajua hasikii vizuri sikio la kushoto, redio yake majirani wanaijua, ila tulishasema ni mashine ya kuchanganyia zege.

Nilichukua karatasi ya kaki ninayokatia vipande, nikachora ukoo kwa chaki ya kushonea. Mraba, duara, kama daktari alivyosema. Upande wangu wote mweupe. Upande wake nilipaka wawili, nikaacha alama ya kuuliza kwenye duara la mama mkwe.

Mama mkwe alikuja mwenyewe, kutoka Chilonwa, bila kuitwa. Nadhani mwanawe alimpigia. Nilimsalimia "mbukwa," akaitika bila kunitazama, akakaa. Hakuuliza habari ya DNA. Alimwita mjukuu wake, akamshika kidevu, akamgeuza mlangoni kwenye mwanga, akamtazama kwa muda mrefu. Yeye mwenyewe lile duara la uzee analo, lakini kando yake, pale kwenye weupe, hapahitaji daktari. Akasema, "Haya ni yangu." Akaanza kuhesabu, kwa sauti ya chini kama mtu anayejisemea: kiwiko alipokuwa binti, kifundo kisimani, mbavu baada ya kuolewa, na baba yake mzazi aliyekuwa haitikii mpaka uende mbele yake. Kumbe aliwahi kuambiwa na wakwe zake kwamba analeta mkosi wa kuvunjika, akaacha kusema akiumia. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, nilikuwa nimeyaandaa tangu siku ile ya simu. Sikuyasema. Nilimpikia chai.

Karatasi ya kaki tumeipeleka kliniki. Daktari aliitandaza mezani, akamtazama mume wangu machoni, akamwandikia akapimwe masikio. Akasema kwa ukoo huu hana shaka na ugonjwa, na mimba hii tuihesabu nusu kwa nusu bila kusubiri maabara. Vipimo vile vya damu vya Baba wa Manyoni vilikuwa sawa, isipokuwa vitamini D iko chini kidogo, anakunywa dawa, kisha ataanza dripu. Mkunga ameshaandikiwa kwenye kadi yangu: nijifungulie hospitali, mtoto asivutwe. Nimeambiwa pia nisihukumu kwa macho akizaliwa, kwa kuwa watoto wachanga wengi weupe wa macho yao una usamawati wa kawaida.

Kipimo cha vinasaba tumeamua tutakifanya, lakini si sasa. Pesa ya kwanza inakwenda kwenye dripu. Mume wangu alitaka atolewe damu yeye kwanza, daktari akasema aanze mtoto, ambaye ugonjwa uko wazi zaidi; kosa likijulikana liko herufi ipi, huyu anayekuja atatafutiwa hiyo moja tu, na kutafuta moja ni bei ndogo kuliko kusoma zote. Damu yenyewe ni kidogo, kichupa kimoja chenye kizibo cha zambarau. Mume wangu ameweka kopo lake la akiba juu ya kabati na ameliandika kwa kalamu nene: NONDO.

Wifi bado hajanipigia. Ana watoto wawili. Mama mkwe amesema atakwenda kuwatazama mwenyewe.

Mwalimu wa Kondoa, dada yangu, mashati ya kufungua ubavuni nimeshashona manne. Tulikwenda Dar kwa treni ya umeme kuonana na daktari wa pili, na hilo nalo niwaambie wenye watoto wa hivi: kwenye basi kila tuta nilikuwa nafumba macho, kwenye treni alilala njia nzima. Nilimshonea kigodoro cha kumbebea, sponji nilipata vipande Majengo sokoni kwa mafundi sofa. Unambeba yeye na kigodoro chake, mikono yako haimgusi mwili.

Baba_wa_Manyoni

Dada, Mungu awatunze. Hapa jirani kuna mama ana kichanga cha miezi mitatu, ameshavunjika mapaja yote mawili, wanasema amerogwa. Nimemwambia tutakwenda Dodoma Jumatatu, ila ananiuliza atambebaje. Nipe vipimo vya hicho kigodoro, huku fundi yupo.

fundi_cherehani_Nkuhungu

Kwa kichanga: urefu sentimita 70, upana 40, sponji ya inchi mbili, isiwe laini sana. Kingo za pembeni zipandishe sentimita kumi, uzijaze pamba. Kitambaa cha ndani pamba tupu, cha nje turubai au jinzi. Mikanda miwili ipite chini ya kigodoro chote, usiishonee pembeni, itachomoka. Sehemu ya makalio acha uwazi wa kuingiza mkono kubadilisha nepi. Mkifika Dodoma nipigie, namba nakutumia kwa ujumbe, nitakuja stendi na kingine kilichokwisha kushonwa kama hicho kitakuwa hakijakaa vizuri. Na mwambie mama yake asimvue nguo yoyote njiani.